Kijiko na Glasi

Saa tano na robo usiku. Mhariri anataka maneno mia tatu
kabla mtambo haujaanza kunguruma,
nami nimeandika jina lake tu:
Piroska Vadnai.
Nikaweka nukta. Nikaifuta.

Miaka thelathini na mitano nimekalia kiti kile kile,
safu ya tano, ukumbi wa Szeged, kando ya nguzo,
koti magotini, kalamu bila msalie Mtume.
Mpiga fidla mmoja nilimwita seremala, akahama mji.
Sifa nilizipima kama mchele wa mwaka wa njaa,
nikijitetea kwamba mgema akisifiwa
tembo hulitia maji.

Usiku huu tembo limenifikia kali,
nami sina kibuyu cha kulikingia.

Basi niseme nilichokiona.
Anacheza mjane wa mwoka mikate.
Ana miaka hamsini na mitatu, goti la kushoto limepita kwa daktari;
mtunga dansi amemhurumia, amempa meza ya kujishikiza,
naye meza hiyo ameigeuza mume.
Aliipangusa unga. Kisha akaipangusa tena, polepole,
upande ambao haukuwa na unga.
Mbele yangu bwana mwenye shingo ya muuza nyama
alivua miwani, akaishika tu.

Wenzangu wa Budapest wataisifu noti ya juu,
wao waliokuja na treni ya saa tisa
wakaondoka kabla ya maua.
Watasema ilipaa, ilipasua dari.
Mimi sikuisikia vizuri. Nilikuwa nimekwama
kwenye pumzi iliyoitangulia,
pumzi ya mtu anayeinua ndoo iliyojaa
akijua mpini umelegea.

Halafu sehemu ya tatu.
Anaketi. Anamimina chai kwenye glasi.
Okestra kimya, kiongozi wake ameshusha mikono
kama mtu aliyeambiwa habari.
Anakoroga. Kijiko kinagusa ukingo:
ti.
Na kutoka ndani ya ti hiyo anaichukua sauti yake,
kama uokotavyo sindano sakafuni kwa ncha za vidole,
anaimba bila ala yoyote, dakika nne,
na hakuna aliyekohoa, Februari hii, mji mzima una mafua.

Hapo ndipo jasho liliponitoka.

Maana alipokuwa na miaka kumi na tisa,
onyesho lake la kwanza, mwaka wangu wa kwanza gazetini,
mimi ndiye niliyeandika:
binti huyu ana sauti ya kijiko ndani ya glasi.
Nilijiona mwerevu. Nilicheka peke yangu kwenye tramu.
Bibi Etelka, fundi wa nywele za bandia, aliniambia baadaye
kwamba kipande hicho kimebandikwa kwenye kioo chake,
kimegeuka rangi ya chai,
na kila akihamia chumba kingine huenda nacho.

Lilikuwa jibu? Au ilikuwa glasi tu, na mwelekezi
aliyetaka kimya kipate mlango?
Hakunitazama. Taa zilimjaa machoni;
safu ya tano kwake ni giza kama safu ya thelathini.

Watu walisimama, makofi yakaingia mpigo mmoja
kama ilivyo desturi yetu, viatu vikiitikia.
Nilibaki nimeketi. Si kiburi.
Koti lilikuwa limeanguka, nikainama kulitafuta,
na nilipoinuka pazia lilikuwa limekwisha funga.

Saa sita kasoro dakika kumi.
Nimefuta "adhimu". Nimefuta "malkia wa jukwaa".
Yamebaki haya: kwamba alipangusa meza;
kwamba alivuta pumzi;
kwamba zamani gazeti hili lilimsikia sawasawa
likadhani ni kasoro.

Hayafiki hata mia.
Simu inalia, najua ni nani.
Nafasi iliyobaki aijaze
na tangazo la matairi.