Kijiti Hakirudi Chunguni

Saa mbili kasoro, Braga bado imelowa.
Mvua ya Novemba inateleza juu ya mawe ya mtaa,
kengele za kanisa kuu zinagombana na za jirani yake,
na Otília anawasha chungu cha nta
kabla hajavua koti.

Nta haiharakishwi. Huanza kung'aa pembeni,
katikati bado jiwe,
kisha hulegea yote, ikawa asali nzito
isiyodondoka, inayoshuka kama uzi.
Anachovya kidogo, anajipaka ndani ya kifundo cha mkono,
pale ambapo ngozi haijui kusema uongo.
Ikimchoma yeye, itamchoma mwenzake.
Anasubiri.

Karatasi mpya kitandani. Glavu. Vijiti
vimelala kwenye boksi kama dagaa wa kopo.
Dona Deolinda alimfundisha kwa sentensi moja,
miaka miwili sentensi ile ile,
akifagia, akila, akitafuta miwani iliyo kichwani mwake:
"Kijiti hakirudi chunguni."
Kikigusa mwili wa mtu, kimeshaoa.
Kitupe.

Saa tatu anaingia mwalimu wa hisabati. Miguu yote miwili.
Malaika yamekua kiasi cha punje ya mchele, sawasawa.
Otília anasafisha, anakausha, ananyunyiza poda,
anapaka kufuata yalivyolala,
mkono wa kushoto unaivuta ngozi ikaze,
na wa kulia (usinyanyue juu, usilenge dari)
unachomoa kinyume, sambamba na mfupa,
chwaa!
Kisha kiganja hapo hapo, kandamiza,
maumivu yasipate pa kukaa.
Mwalimu anahesabu namba tasa kwa sauti.
Anafika mia moja na tatu.

Nje, juu ya mlango wa kanisa,
malaika wa mawe hawana hata unywele mmoja,
na hakuna aliyewahi kuwauliza kama iliuma.

Saa tano, Leonor na mama yake.
Harusi Jumamosi. Mdomo wa juu, mashavu, kidevu,
"na haraka, mshona gauni anatungoja."
Otília anachukua fomu. Mzio? Hakuna.
Kisukari? Hakuna. Jua kali? Jua la wapi, mwezi huu!
Dawa za chunusi?
Anajibu mama: "Hakuna. Zimekwisha zenyewe.
Nimewasha mshumaa kila Ijumaa."
Otília anamtazama binti.
Midomo imepasuka pembeni, mafuta juu ya mafuta,
ngozi ya pua inang'aa kama ganda la kitunguu.
Anauliza tena, polepole, akimpa mama kisogo.

"Vidonge," anasema Leonor. "Tangu Aprili."

Otília anafunika chungu.

Mama hapigi kelele; ingekuwa afadhali.
Anataja saluni nyingine, karibu na stesheni,
wasiokuwa na maswali mengi.
Ndipo Deolinda anatoka nyuma na kikombe cha kahawa.
"Niliwahi kuwa kama hao," anasema.
"Aliitwa Zulmira. Alikuwa na vidonge, sikuuliza.
Ngozi ilitoka na nta, kipande cha ukubwa wa stempu.
Mpaka leo akiniona huvuka barabara."
Anakunywa kahawa. Imepoa, anaikunjia uso.

Wanamkalisha Leonor dirishani.
Mkasi mdogo wa nyusi, ncha butu,
unywele mmoja, halafu mwingine, nusu saa nzima,
bila kung'oa chochote.
Mama ndiye ameshika kioo. Kinatikisika kidogo.
"Mishumaa thelathini," anasema, wala si kwa mtu.
Leonor anataka kucheka na hawezi,
mkasi uko mdomoni.

Jioni Otília anazima chungu.
Nta inaganda kuanzia pembeni, kama ilivyoamka.
Ndani ya kifundo chake kuna vidoa vitano vya waridi,
kila mteja na chake, na cha aliyekataliwa pia.
Anafuta kitanda. Anafunga mfuko wa taka.
Anahesabu vijiti vilivyobaki:
kumi na tisa.
Namba tasa, anawaza,
na anatafuta mwavuli.