Umeruka Mmoja

Mwaka ule nilihamia kwa shangazi, Isevya,
kidato cha pili, mgeni, mwenye kigugumizi.
Darasani waliniita Redio Mbovu.

Nilitumwa mafuta ya kula, ya mia tano.
Mzee Mbaruku alipima kwa kusikiliza
yanavyopanda shingoni mwa chupa.
"Unajua kusoma mwandiko mbaya?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Kichwa sikisikii. Sema."
"Na-na-najua."
"Basi njoo kesho. Utakalia gunia la chumvi,
la maharage lina mwenyewe."
Mwenyewe alikuwa paka.

Kila alasiri, nikiwa na sare bado,
nilimsomea daftari la madeni,
mistari yake ikipandana kama mbuzi:
Mama Nyamizi, sembe kilo mbili, bado.
Fundi Kapaya, betri, bado.
Yule wa bodaboda, vocha, bado, na bado.
Sijui kwa nini madeni ya watu
hayakunikwama kooni.
Labda kwa sababu mzee alimenya karanga
ganda moja moja,
kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Jioni moja niliruka mstari.
Daftari lilikuwa jipya, deni la miaka kumi na moja:
Zamda binti Feruzi, sukari, robo.
"Umeruka mmoja," akasema.
Vidole vilisimama juu ya ungo.

Nikausoma.

Alikuwa mkewe. Alichota sukari ya chai,
naye akamwandika kwa utani, wateja wakicheka,
mama wa watu akaapa atalipa Idi ikifika.
"Kila daftari likijaa namhamishia jipya.
Nikimfuta, nitamdai nani?"

Nje treni ya Mpanda ilipiga honi.
Mama aliondoka na treni hiyo.
Wiki mbili, alisema,
akanifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Nilichukua kalamu.
Mzee alisikia karatasi ikikwaruzwa.
"Unaandika nini?"
"Mtu."
"Anadaiwa nini?"

Nikakwama,
na safari hii haikuwa kigugumizi.
Paka alishuka kwenye maharage, akapita kati yetu.
Mzee alipapasa kaunta,
akanisogezea karanga alizokwisha kumenya,
zote.

"Hapo acha wazi," akasema.
"Soma anayefuata."