Idara ya Kufuma

Langoni Ekai alimwomba kitambulisho,
akauliza, Mzee, unakwenda nyumba gani?
Baba akajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine:
Idara ya kufuma. Zamu ya asubuhi.

Nilishuka mbio kwa ngazi kumchukua.
Lifti ilikuwa imekwama juu na kabati la mtu anayehamia.

Miaka ishirini na sita alipita hapa hapa,
barabara ya Lunga Lunga, kabla ya king'ora cha saa moja.
Kiwanda cha blanketi, paa limechongoka kama meno ya msumeno,
na vumbi la pamba likimfuata nyumbani,
hadi kwenye ugali, hadi kwenye kikohozi chetu.
Sasa ni ghorofa kumi na nane, vioo, rangi ya maziwa.
Wameliita Bustani ya Mto.
Mto ni Ngong. Bustani ni vyungu vitatu na mkonge mmoja
unaonyweshwa Ekai akikumbuka.

Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha jiko,
maji ya moto yanayotoka ukiyaamuru,
dirisha nililolikopea miaka kumi na tisa.
Yeye alitaka kuona maegesho.

Tukashuka chini ya ardhi, kwenye baridi ya saruji.
Akahesabu hatua kutoka nguzo hadi nguzo,
akakosea, akarudi, akaanza tena,
mpaka akasimama kando ya nafasi namba arobaini na mbili,
gari jeupe la jirani limelala pale kama ng'ombe aliyeshiba.
Akainua mkono wa kulia, ule wa vidole vitatu.
Ni hapa, alisema. Wala si kwa uchungu.
Kama mtu anayemwonyesha mgeni kilipozikwa kitovu chake.

Nilitafuta neno. Nikasema, twende juu, chai inapoa.
Na chai sikuwa nimeipika.

Ndani ya lifti sauti ya mwanamke ilitaja ghorofa.
Baba akamwitikia: Ahsante, mama.

Alivua viatu mlangoni, akaweka kiganja ukutani,
akangoja.
Nyumba hii imenyamaza mno, alisema. Inalala mchana.
Akachukua blanketi la kochi, akalipindua, akatafuta upindo,
akaliachia: Nyuzi za uongo.

Kisha roshani.

Zamani, kule Mukuru, hatukuhitaji kalenda.
Idara ya rangi ilimwaga mtoni kila jioni:
Jumatatu nyekundu, Jumatano buluu,
Ijumaa kijani cha blanketi za jeshi.
Mama alitazama maji akajua siku za kodi zimebaki ngapi.

Baba akaegemea vyuma, akainama mpaka nikamshika shati.
Chini kabisa mto ulikuwa ukipita,
wa kijivu, na chupa zake, na povu.
Aliutazama muda mrefu.
Leo siku gani? akaniuliza.
Jumatano, nikamwambia.
Akatikisa kichwa. Hakuniamini.