Tundu la Chini Kabisa

Elkhart, Indiana. Januari, mwaka wa thelathini na moja.
Mto umeganda kingoni, katikati bado unapumua.
Nina miaka kumi na saba, nimekabidhiwa nyundo ya pembe
na saksafoni mpya isiyowahi kupulizwa.
"Ibonyeze," asema mwalimu Vandersteen,
"kisha inyooshe. Ikinyooka, ibonyeze tena.
Fundi hafundishwi na kizima."

Ilikuwa wima kama mshumaa,
haina kiwiko, haina goti,
na pale ambapo wenzake hupanua mdomo
yenyewe imefumba, mviringo kama boga changa,
kama mtu aliyejaza maji mashavuni
na hataki kucheka.
Walioibuni walitaka huzuni ya zumari la okestra
ndani ya koo la shaba.
Wakaitoboa tundu moja zaidi huko chini,
chini ya pale dada zake walipokomea,
na juu wakaipa funguo za ziada
kwa vidole vyenye tamaa.

Tangazo la rangi lilisema ulimwengu unaingoja.
Ulimwengu ulikuwa na shughuli nyingine.
Hakuna mtunzi aliyeiandikia hata mstari.
Wapigaji wa dansi kutoka Chicago waliipima kwa jicho,
wakauliza bei, wakarudisha kofia kichwani.
Halafu ikaja ile Oktoba,
fedha za watu zikayeyuka,
na masanduku yakabaki ghalani,
velveti ya zambarau ndani,
kila moja limelala kwenye jeneza lake zuri.

Si mimi niliyeamua wapewe wanafunzi.
Hilo nimelisema mara nyingi,
hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Leota Swihart alileta pedi karakanani siku ya Alhamisi,
vidole vyake vimekatika katika kwa sindano.
Akasimama.
"Hii niliishona mimi. Tazama pedi ya chini kabisa:
nyuzi mbili badala ya moja,
maana pumzi ikifika huko imechoka,
nisingependa ipate pa kutorokea."
Kisha akauliza, "Husemaje?"

Wiki tatu nilikuwa nimeshapondaponda sita,
na sikujua hata moja husemaje.

Nikalowesha tete kwa ulimi.
Nikaziba matundu yote, hadi kidole kidogo kikauma,
nikaitafuta la ya chini, ile ya mwisho.
Ikatoka hewa tupu.
Nikajaribu tena, ikatoka kwikwi.
Mara ya tatu, skrubu zikatetema koponi,
kioo cha dirisha kikaitika,
na sauti ikatoka ambayo haikuwa zumari
wala saksafoni,
ila kama mtu mzima aliye peke yake nyumbani
anayejiita kwa jina lake la utotoni.

Leota alikuwa ameshika ukingo wa meza.
Hakusema ni nzuri.
Alisema, "Kumbe inafika."

Mwalimu akarudi kutoka kahawani.
Nikaibonyeza.

Miaka arobaini na mitatu baadaye, dukani kwangu Goshen,
akaingia Hinnerk Lübbers wa Bremen,
glavu nyeupe, sanduku kifuani kama mtoto mchanga.
Alikuwa ameinunua kwa bei ya gari.
Akaipapasa shaba kwa kidole, akakuta shimo dogo
karibu na boga, lililonyooshwa vibaya.
"Mjinga gani alifanya hivi?"
Nikasema mafundi wa zamani walikuwa na haraka.

Pedi zote alitaka mpya.
Nikazing'oa moja moja, zimekauka kama maganda,
hadi ya mwisho. Nikavaa miwani ya pili.
Nyuzi mbili.

"Hii usiibadilishe," nikamwambia.
Akauliza kwa nini.
Nikaiweka taa ndani, nikafunga funguo,
nikamwonyesha: hata uzi wa mwanga haukupenya.
Leota alikuwa kaburini tangu vita vya Korea.

Nikamtoza dola nne, za kusafisha tu.
Alilipa, akaomba risiti.