Dakika Kumi na Moja

Suzuki ya shemeji Khatib haina makuu:
inanuka makonyo ya karafuu,
kioo cha nyuma kushoto hakipandi,
na leseni yangu ina miezi miwili.
Tulitoka Konde baada ya chai,
mama mbele, mapajani dumu tupu la lita tano.
Alikataa katakata lisikae nyuma.

Nilijiandaa kwa mashimo.
Niliambiwa Ngezi ni utelezi, ni tope la kumeza gurudumu;
nikabeba jembe, kamba na dua.
Kumbe wameshamwaga changarawe, wakaishindilia,
wakachimba na mifereji pembeni.
Usukani nikaushika kwa vidole viwili,
kama mtu aliyeshika kikombe cha kahawa.
Juu mivule imefumbana,
jua tunapimiwa kwa rejareja.

"Hapa," mama akasema. "Simama hapa."

Sikuona kitu. Mpapindi mmoja, jiwe, majani makavu.
"Hapa ndipo alipokuwa mzito."
Hakusema alikufa. Alisema mzito,
nami nikazima injini.

Nilikuwa sijazaliwa. Asaa namjua kwa jina,
na kwa namna mama anavyohesabu watoto wake:
anakunja kidole gumba, ananyamaza,
ndipo tunapoanza sisi.
Alitoka naye Tondooni alfajiri, mgongoni,
homa imemkaza shingo,
hospitali iko huku
tulikotoka sisi na vitumbua vyetu.

Tukaenda. Mita mia tatu, labda nne.
"Hapa nilimhamisha bega."
Tukaenda.
"Hapa aliuliza kama tumefika.
Nikamwambia bado kidogo. Ilikuwa bado sana."
Tukaenda.
"Hapa alisoma. Usicheke. Homa ilimsomesha
herufi za chuoni: alifu, bee, tee,
thee akairuka, kama kawaida yake."

Ndipo nilipofahamu kwamba njia tunaisoma kinyume,
kila tukikata kona mtoto anapungua uzito,
anapata rangi, anapata maneno,
na mguu wangu, bila kuambiwa,
ukalegea juu ya mafuta.
Gia ya pili. Kisha ya kwanza.
Njia nyepesi namna hii, utaivutaje iwe ndefu?

Kijito kiko chini ya kidaraja cha zege,
maji yake rangi ya chai ya mkandaa,
yanapita juu ya majani bila haraka yoyote.
Mama akashuka na dumu lake.
"Aliyaomba haya," akasema.
"Siku zile wakisema mwenye homa hapewi maji baridi.
Nilimvusha. Nilimfumba macho kwa kiganja asiyaone,
lakini masikio, mwanangu, ningeyafumba na nini?"

Akavua ndara, akaingia mpaka vifundoni,
akalilaza dumu ubavu.
Likanywa kwa pupa, likapumua, likanywa tena.
Sikwenda kumsaidia.
Kuna mzigo hauna mshikio wa pili.

Aliporudi, dumu akaliweka kiti cha nyuma,
akavuta mkanda, akalifunga,
akapitisha kidole kuona haubani.

"Kutoka Konde mpaka hapa, bila ya kusimama,
ni muda gani?"
Nilikuwa nimeshapiga hesabu, najuta kuipiga.
"Nusu saa," nikamwambia.
Akatikisa kichwa polepole.
"Nusu saa angeivumilia."

Nikatia rivasi nigeuze,
gari inatakiwa kabla ya adhuhuri.
Mkono wake wenye maji ukaja juu ya wangu, juu ya gia.
"Usigeuze. Nenda mbele.
Kwa shangazi yako Time hatukosi pa kulala.
Khatib mpigie, mwambie lolote.
Na hicho kioo cha nyuma hebu kipandishe,
msitu huu una ubaridi."

Hakipandi.
Nikavua kanga ya begani, nikageuka,
nikamfunika.