Mkalimani

Nimelipwa saa tatu kusema "mimi".
Mimi nilikuwa zamu ya usiku, kituo cha mafuta cha Moonah.
Mimi nilimwambia yule bwana alipe kwanza ndipo aondoke.
Hivyo nasema, na Tekendra Limbu, kushoto kwangu,
ndani ya koti la kuazima linalommeza vidole,
hutikisa kichwa kila "mimi" inaponitoka,
kama mtu anayehakiki chenji.

Viza yake ilifutwa Oktoba.
Kesi yake itasikilizwa Machi.
Sisi tumo katikati:
Hobart, ghorofa ya nne, zulia la kijivu,
jagi la maji lisiloguswa na mtu.

Bi Lockwood, mjumbe wa baraza,
ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.
"Si kazi yangu kuamua kama ulimvunja taya.
Kazi yangu ni kupima uzito wa kushitakiwa kwako."
Nageuza. Nakwama.
Kwa Kinepali ninalo neno la hatia, ninalo la tuhuma,
lakini la huyu aliyewekwa baina yake,
ambaye hajatenda wala hajaacha kutenda,
nimelisaka hadi kimya kikaanza kuandikwa.
Nikasema: anakuita mtu wa kungoja.
Nimeapa nisipunguze wala nisizidishe.
Kwa miaka kumi na moja, hilo ndilo ongezo langu la kwanza.

Kamera ya kituo ilitazama pampu.
Kule kwenye mashine ya barafu, walikokunjana, haikutazama.
Polisi wana maelezo ya bwana mmoja na picha ya taya.
Tekendra ana jino ndani ya leso, lake mwenyewe,
kalihifadhi tangu usiku ule akidhani litamtetea.
Bi Lockwood akaliinamia, akaagiza liandikwe:
kielelezo cha sita, jino, moja.

Wakili Farrugia, kijana wa msaada wa bure, mwenye mafua, akauliza:
"Mkimwondoa Januari, Machi atasimama nani kizimbani?"
Asiyekuwepo na lake halipo.
Mwanasheria wa wizara akafunua karatasi, akajibu
kwamba mhusika, akishakuwa kwao,
anaweza kuomba kibali cha kurudi kushitakiwa.
Hilo nalo nililitafsiri, neno kwa neno.
Tekendra akaniomba nirudie.
Alidhani nimekosea mimi.

Kisha akaulizwa kuhusu nyumbani.
Mimi natoka Taplejung, nikasema.
Mimi nimesoma uhasibu mihula minne,
kila muhula umekula kipande cha shamba la iliki,
na mama yangu, simu ikilia, hunionyesha kwa kamera
upande ambao bado haujauzwa.
Hapo sauti ilinigeuka.
Bi Lockwood akauliza kama mkalimani anahitaji maji.
Nikajibu kwa Kiingereza, kwa nafsi yangu: hapana.
Nalo likarekodiwa.

Uamuzi utatumwa kwa baruapepe.
Siku haikutajwa.

Kwenye lifti tulikuwa wawili tu.
Aliikunja leso mara nne, akaitia mfukoni,
akaniuliza kwa sauti ya nyumbani:
"Dada, wewe unaniamini?"

Saa zangu tatu zilikuwa zimekwisha.
Nikaitafuta ile "mimi" nyingine, isiyolipwa,
chini ya funguo, chini ya tiketi ya maegesho,
na tarakimu juu ya mlango zikishuka:
tatu, mbili,
moja.