Kiti cha Nne

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
karatasi ngumu, haipitishi wino,
tumeipanga Jumamosi yetu:
mshipi mita mia mbili, ule mnene;
ndoana dazeni, namba tisa;
petroli lita kumi, na mbili za wasiwasi.

Ijumaa natoka zamu ya usiku,
wodi ya wazazi, Bugando kule kilimani,
nitalala hadi saa nane.
Masalu anaingia na basi la Kahama
na ufito wake wa kuvulia, unaokunjika kama mwavuli;
aliununua mnadani, anausifia kwenye simu wiki ya tatu sasa
wala hajaulowesha.

Mtumbwi ni wa Tungaraza, wa Kayenze.
Haongei sana kwenye simu, anahesabu vocha.
Kasema: chambo si furu, furu hufa njiani,
leteni kambale wadogo, wabishi wale,
na ndoo iwe na kifuniko, la sivyo watawaacha stendi.
Kasema: mwezi umeandama juzi, giza litakuwa zito,
taa za dagaa zitajipanga mbele yetu
kama mji usio na ushuru.
Kasema: tuondoke saa kumi alfajiri
kabla upepo haujakumbuka kazi yake.

Tukabishana, mimi na Masalu, twende jiwe lipi.
Yeye anataka nyuma ya kisiwa, kwenye kina,
kasikia huko sangara anamzidi uzito mtoto wa darasa la tatu.
Mimi nataka papa hapa, penye matete,
samaki wa saizi ya sufuria yangu.

Mama alikuwa akichambua choroko.
Miaka thelathini na moja ameuza samaki Mwaloni, Kirumba.
Akifunua shavu tu, anakwambia
huyu amelala nchi kavu saa ngapi
na aliyemleta anadanganya kiasi gani.

"Mtumbwi unabeba wangapi?"
"Wanne."
"Nanyi?"

Tukajihesabu. Watatu, pamoja na Tungaraza.
Tukajihesabu tena,
kama watu wanaokagua deni wakitumaini limekosewa.

Masalu akasema, maji yale, Mama, na goti lako hilo.
Akasema, akicheka nusu, watu wa zamani walikuwa na neno lao:
mwanamke akikanyaga mtumbwi, nyavu hurudi na upepo.
Mama akapuliza makapi.
"Walipokuwa wakisema hivyo,
petroli alikuwa akilipa nani?"

Basi kalenda ikaanza kukatwakatwa.
Saa kumi ikawa saa kumi na mbili.
Lita mbili za wasiwasi zikawa tano.
Jaketi la kujiokolea, la nne, liwe pana kifuani.
Mto wa kochi, ule wa kijani, ufungwe kwenye nailoni.
Jiwe la Masalu tukalifuta kwa mstari mmoja;
hakusema kitu, aliutazama tu ufito wake.

"Nataka mmoja tu," Mama akasema,
"tena mdogo, asiyefika kipimo."

Tukadhani anatania. Hakuinua macho.

"Afisa akija na rula yake
nilikuwa nawafunika kwa gunia, nalikalia gunia,
namuuliza habari za watoto wake.
Wengi. Sijui wangapi.
Nataka nimshike mmoja kwa mkono wangu
nimwone akiondoka."

Nikatafuta pa kuandika. Palibaki pembeni,
juu ya doa la chai:
Mama – kanga mbili, kofia, samaki mmoja wa kurudisha.

Masalu akauliza, sasa sisi tutakula nini.
Nikaongeza: mihogo.